Kutoka kwenye karo mpaka mlangoni kwangu

Kutoka kwenye karo la kufulia mpaka mlangoni kwangu ni hatua 11. Nimezihesabu mara nyingi mpaka hata umeme ukikatika nazitembea gizani bila kugonga ndoo ya mtu. Shume, paka dume wa mtaani kwetu, alizitembea kwa miezi saba.

Mwezi wa kumi mwaka jana nilihamia Mwananyamala, nyumba ya kupanga ya vyumba nane, choo cha nje, uwani karo moja tu tunalogombania wote jumamosi asubuhi, na mama mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele ambapo anaona kila anayeingia na kila anayetoka. Nafanya kazi steshenari Kariakoo, tunafunga saa kumi na mbili na nusu, hapo bado foleni ya mabasi ya mwendokasi Gerezani, kwahiyo mpaka nifike nyumbani adhana ya isha inakuwa inakaribia au imeshatoka. Nilikuwa mgeni, simjui mtu. Nikifika nawasalimia waliokaa barazani, shikamooni, marahaba mwanangu, basi, naingia ndani nafunga mlango.

Usiku wa kwanza kumwona mvua za vuli zilikuwa zimeanza, maji yanatiririka uwani, mi nimetoka na tochi ya simu naenda chooni nikaona macho mawili yanawaka chini ya karo. Nikasimama. Alikuwa paka dume, mkubwa, lile likichwa pana la shume ambaye hajahasiwa, mashavu yamejaa kama kaweka tonge kila upande, sikio la kushoto limechanika mpaka katikati, rangi ya kijivu na michirizi myeusi. Alikuwa anatafuna mfupa wa kibua. Na mgongoni, karibu na kiuno, alikuwa na baka halina unyoya hata mmoja, ukubwa wa kiganja changu, ngozi ya pinki inang'aa kama plastiki iliyopitiwa na moto.

Asubuhi nikamuuliza jirani yangu wa chumba cha pili, huyu anakaanga samaki pale kona jioni na mtaa mzima tunamwita Mama Samaki. Hakunizungusha.

"Maji ya moto hayo. Sikumwagia mimi, lakini hata ningekuwa mimi usingenilaumu mwanangu, yule mwizi, kuna siku kanila vibua sita vizima vizima, na mtaji wenyewe wa kukopa."

Kwakweli sikuwa na la kumjibu. Vibua sita kwa mtu anayekaanga kona si jambo dogo, na mi siwezi kumwambia mtu mzima apende paka anayemtia hasara.

Ila mtaani kwetu shume ana kesi mbili. Ya wizi nimeielewa. Ya pili ni ya uchawi, hii ndo inayoniuma. Utasikia paka dume mkubwa anayekaa ukutani usiku anakukazia macho, huyo ametumwa, ana jini, na kwa kuwa ni jini basi ukimpiga tofali au ukimmwagia maji yanayochemka hujamdhulumu kiumbe, umejilinda tu. Mtu anayeogopa paka namwelewa, uoga hauchagui. Lakini kumbambikia mnyama kesi ya uchawi ili roho yako itulie wakati unamuunguza mgongo, hapana jamani. Mimi nimeligusa lile baka. Ni ngozi tu, ukiligusa linasinyaa.

Nimelelewa na bibi yangu Pangani, nadhani ndo maana. Nyumba ya bibi ilikuwa haikosi paka, na samaki hata awe mdogo vipi kichwa kilikuwa kinatengwa pembeni ya sinia. Ndiye aliyenisimulia kuhusu sahaba Abu Huraira, kwamba hilo jina maana yake baba wa kipaka, na ndiye aliyenisimulia hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka: alimfungia, chakula hakumpa, na wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Nilikuwa mdogo na hii hadithi ilikuwa inaninyima usingizi. Nilikuwa naiwaza ile ndani alimofungiwa paka, giza lake, anavyosikia watu wanapita nje. Mkumbuke hii maana nitairudia.

Basi nikaamua nitamlisha. Na nikaanza vibaya.

Nilianza na maziwa. Nikaweka kwenye kisosi, nikachuchumaa, nikaita pusi pusi pusi kwa sauti nyembamba, hakutoka. Asubuhi kisosi kitupu na nyuma ya karo kaharisha, mama mwenye nyumba akauliza kwa sauti kubwa nani kafuga paka humu. Baadaye ndo nikajua paka wengi wakishakua tumbo linakuwa haliwezi tena kuisaga ile sukari ya kwenye maziwa, linavurugika. Nikahamia kwenye dagaa. Fungu la jero nachemsha na maji matupu, bila chumvi, bila kitunguu. Kitunguu kwa paka ni sumu, kinaharibu chembe nyekundu za damu, kwahiyo lile rojo la mchuzi linalobaki kwenye sufuria ambalo wengi tunawamwagia paka tukidhani tunawaonea huruma, ni bora limwagwe tu. Na ugali mkavu peke yake haumfikishi popote, paka ni mla nyama, kuna kitu kinaitwa taurini lazima akipate kwenye nyama au samaki, akikikosa kwa muda mrefu macho yanaharibika na moyo unachoka.

Dagaa alikuwa anawataka, hilo nililiona, pua inacheza kutoka kule chini ya karo. Sasa mi nikawa namrushia. Nachukua dagaa mmoja, nainua mkono, narusha. Kila nikiinua mkono anapotea, yani hata dagaa hajatua chini yeye ameshakuwa juu ya ukuta. Nilirudia hivo siku nne nzima, nikasema huyu paka ana kiburi. Siku ya tano ndo nikaona kitu ambacho ningekuwa nimekiona siku ya kwanza kama ningekuwa namwangalia yeye badala ya kuangalia dagaa wangu: alikuwa hakimbii dagaa, alikuwa anakimbia bega langu. Bega likipanda tu, ameshaondoka. Maisha yake yote mkono ukipanda kinachokuja ni jiwe, ni kandambili, ni maji. Huo mkono wangu wa huruma ulikuwa unafanana kabisa na mkono wa aliyemuunguza.

Nikaacha kurusha. Nikatafuta mfuniko wa ndoo ya rangi, nikawa naweka dagaa humo, naupeleka mpaka kwenye karo, hatua 11, nauweka chini bila kuinama ghafla, narudi ndani. Nafunga mlango. Nachungulia kwenye tundu la kitasa. Alikuwa anakula haraka haraka huku nyuma kajiandaa kukimbia, miguu ya nyuma imekunjwa kama ya chura, ni kama nusu ya mwili wake ilikuwa haijakubali kwamba wanakula.

Jumamosi moja nilienda Feri kununua samaki, pale Magogoni upande wa wapara samaki. Ukitaka kuona paka wenye amani na binadamu nenda pale asubuhi. Wanakaa chini ya meza katikati ya magamba na matumbo, visu vinapita juu ya vichwa vyao, hawana habari. Nikawa nimemkodolea mmoja wakati kijana ananipara changu wangu, yule paka akainuka akaenda kukaa meza nyingine. Kijana akacheka.

"Dada umemfukuza. Ukimkazia macho anajua unamtafutia. We kaa upande, angalia kwingine, fanya shughuli zako, atakuja mwenyewe kukuangalia."

Nikiwa kwenye mwendokasi kutoka Kivukoni nikafungua simu kusoma zaidi. Kumbe watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliliangalia hilo suala la macho na kutoa utafiti wao mwaka 2020. Ni kufumba macho taratibu, unayalegeza kama mwenye usingizi, unayafumba nusu, unafumbua polepole. Paka waliofanyiwa hivo nao wakawa wanalegeza ya kwao, na hata mtu mgeni kabisa akianza na hivo alafu ndo anyooshe mkono, paka walikuwa wepesi kumsogelea kuliko mgeni aliyekaa na uso mkavu. Kijana wa Feri hajasoma hiyo, yeye ameshinda na paka.

Kuanzia hapo nikawa sifungi mlango. Natoa kigoda, nakaa mlangoni ubavu nikiangalia upande wa geti, na ungo wangu wa mchele mapajani, nachagua mawe. Mchele wa kula mtu mmoja hauna mawe ya kuchagua wiki nzima lakini nilikuwa nachagua tu, naurudia ule ule. Kila baada ya siku nne tano nasogeza mfuniko hatua moja. Nikiona ameshtuka, naurudisha. Hatua ya 10. Ya tisa. Ya nane alikaa nayo wiki mbili, pale kuna kamba ya kuanikia na kanga za watu zinapepea, alikuwa hazipendi.

Kuna kitu kilitokea bila mi kupanga. Kwa kuwa narudi kazini muda ule ule, chakula chake kikawa cha isha. Muadhini wa msikiti wa hapa jirani akianza tu, shume anatokea juu ya ukuta wa nyuma, ule wenye vipande vya chupa, anapita katikati ya vile vipande anaweka mguu mmoja hapa, anafikiri, anaweka mwingine pale, hakanyagi hata kimoja. Siku moja mwendokasi ziligoma, nilifika nyumbani saa tatu na nusu nimechoka hata kuongea siwezi, uwani giza, nikamkuta kakaa kwenye hatua ya nane kaukunja mkia miguuni. Mfuniko mtupu mbele yake. Tangu nihamie Dar sikuwa nimewahi kusubiriwa na mtu. Niliwachemsha wale dagaa na begi bado liko begani.

Alafu nikaharibu.

Ilikuwa katikati ya mwezi wa kumi na mbili, tumefika hatua ya tatu, naweza hata kusikia anavyotafuna. Nikaona kupe kwenye lile sikio lililochanika, kupe mnene amejaa damu, na hiyo roho yangu ikanituma kwamba nimsaidie. Nikamdaka shingoni. Sikujua paka ana nguvu kiasi kile. Hakulia, alijikunja mara moja tu kama chuma cha springi, nikajikuta nina mistari minne kutoka kwenye kiwiko mpaka kifundo cha mkono na uwani hamna paka.

Naomba hapa tusikilizane kidogo, maana nimeona watu wanapaka mate wanasema itapona. Kichaa cha mbwa si cha mbwa tu, paka naye anakipata na anakiambukiza, na dalili zikishaanza kwa mtu ni kama hakuna kurudi. Nikaenda bombani nikaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nimeweka saa kwenye simu, inauma balaa. Asubuhi nikaenda hospitali ya kwanza wakaniambia chanjo hawana, nikaenda ya pili. Daktari akauliza paka yuko wapi, kwa sababu mbwa au paka akionekana anaweza kuangaliwa siku 10, akibaki mzima mpaka hapo basi siku ile alipokuumiza hakuwa na uwezo wa kuambukiza. Nikamwambia katoroka. Akasema basi hatusubiri. Nikachomwa, nikapewa tarehe za kurudi, nikarudi zote.

Ila kilichokuwa kinanisumbua zaidi usiku si mkono. Miezi miwili nimekaa namfundisha kwamba mkono wangu si ule mkono. Alafu nikamwonyesha kwamba ni ule ule.

Alirudi usiku wa 12. Isha imetoka, nimeweka dagaa kwenye karo kabisa, mwanzo mwanzo, na mi niko kwenye kigoda siangalii. Nikasikia kipande cha chupa kimelia kidogo. Hakushuka. Usiku wa 13 akashuka. Nakumbuka kupe alikuwa hayupo tena, alishadondoka mwenyewe.

Mwezi wa pili ndo alinigusa. Joto la Dar la mwezi wa pili mnalijua, umeme umekatika tangu saa moja, feni zimekufa, watu wote walikuwa uwani na mikeka mpaka saa nne ndo wakaanza kuingia mmoja mmoja. Mi nikabaki kwenye kigoda na ungo, sioni hata mchele. Shume alishakula akapotea. Nikahisi kitu kinapita kwenye goti la kulia, kikavu, kizito kuliko nilivyodhani, kikarudi tena, safari hii na shavu. Paka ana tezi za harufu mashavuni na kwenye paji la uso, akikusugua anakuwekea alama yake ili wewe na yeye mnuke kitu kimoja. Hiyo nilikuwa nimeisoma. Lakini kulisoma jambo ni kitu kingine na kulisikia gotini usiku wa giza ni kitu kingine. Mikono nimeishika kwenye ungo, sikuinua hata kidole. Machozi yalinitoka, nasema ukweli.

Siku ya tatu baada ya hapo nikashusha mkono chini, ngumi imefungwa, chini ya kidevu chake, sikutokea juu. Akanusa vidole kimoja kimoja. Akanipa shavu. Manyoya yake ni magumu kama brashi ya kusugulia sakafu, yana vumbi na yananukia moshi, nadhani mchana analala karibu na majiko ya watu. Alafu ile sauti ikaanza, ile ya kunguruma kifuani, mwanzo haikuwa laini, ilikuwa inakatika katika kama jenereta la duka la mtaa wa pili linalotafuta mafuta. Nikawaza labda ana muda mrefu hajaitumia.

Mama Samaki alikuwa anaona haya yote, kumbe. Jioni moja akagonga mlango na gazeti limekunjwa, limelowa mafuta kidogo, ndani vichwa vya vibua vitatu. "Vibichi hivyo, sijavitia chumvi. Mpe mtu wako. Mwezi wa pili sasa sijapoteza samaki hata mmoja." Nikamwambia ahsante mama. Akaondoka, akarudi. "Ila umwambie kona kwangu nisimuone." Tangu siku ile tukawa tunaongea. Nimejua ana mtoto Mtwara, nimejua mguu wake wa kushoto unavimba akisimama sana. Siwezi kusema amempenda shume. Anamvumilia, na mi kwangu inatosha kabisa.

Mwezi wa tatu masika yakaingia na shume akaja na shavu limevimba kama embe. Kapigana, kaumwa, usaha umejikusanya ndani. Mama mwenye nyumba kwa nia njema akaniletea Panadol, mpe nusu tu itampoza. Nilimshukuru nikaiweka mfukoni na nikamweleza polepole, na nyinyi nawaeleza: parasetamo iliyo kwenye Panadol inaua paka, ini lake halina uwezo wa kuivunja, kidonge kimoja kinatosha kumuua. Nikaenda na picha kwenye duka la dawa za mifugo kwa daktari, akasema litapasuka lenyewe, likipasuka na kama atakubali nimsafishe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Likapasuka. Akakubali. Usiku wa tatu alikuwa ananiletea lile shavu mwenyewe, anafumba macho, nakamua pamba, anavumilia.

Daktari alivyoona limepona akaniuliza, "Sasa utatibu mashavu mpaka lini?" Akasema nimlete ahasiwe, dume aliyehasiwa hazururi sana, hapigani sana, na hapo hapo atapata chanjo ya kichaa. Alikuwa sahihi. Nililala na hiyo kauli siku nyingi sana, maana kumpeleka maana yake kumfungia.

Nikanunua tenga la kuku kwa wauza kuku. Nikaliweka mlangoni wazi, ndani nimetandika kipande cha kanga yangu ya kulalia ambayo haijafuliwa, na mfuniko wa dagaa nikauweka kwenye mlango wa tenga. Siku zikaenda nikausogeza ndani kidogo. Ndani zaidi. Wiki tatu. Akawa anaingia mzima, anakula, anajilamba, siku nyingine anajikunja analala mle mle na mkia umetokeza nje. Kila nikimwona amelala mle roho inaniuma kwa sababu najua ninachoandaa na yeye hajui.

Nilifunga asubuhi ya jumamosi, mwezi wa tano mwanzoni. Kamba yenyewe nilikuwa nimeshaifanyia mazoezi ili isichukue muda. Hakupiga kelele. Aligeuka, akausukuma mlango kwa kichwa, kama ananiambia umefunga bahati mbaya, akausukuma tena. Alafu akanitazama. Hapo ndo hadithi ya bibi ikanijia yote, ile ndani, ile giza, watu wanapita nje. Nikawa nasema kwa sauti kama mwendawazimu, saa mbili tu, naapa saa mbili tu, dereva bajaji ananiangalia. Nikafunika tenga na kanga maana paka akiwa haoni anatulia kidogo, na nikaweka mkono juu yake njia nzima. Morogoro Road foleni. Ndani ya tenga kimya, nasikia tu anapumua haraka.

Ilichukua zaidi ya saa mbili. Daktari akasema alale ndani usiku mmoja mpaka dawa ya usingizi iishe kabisa. Akalala chini ya kitanda changu, mara yake ya kwanza kuingia chumbani, na hakuwa amechagua. Asubuhi nikafungua mlango. Akapita akijibana ukutani, uwani, juu, chupa, hayupo.

Usiku wa kwanza dagaa wakalala mpaka asubuhi. Wa pili wakaliwa na kuku wa jirani. Wa tatu, wa nne. Mama mwenye nyumba akasema kwa upole mwanangu huyo harudi, wale wana kumbukumbu. Nilijiuliza sana kama nilichofanya ni haki, na jibu langu mpaka leo ni kwamba ningefanya tena, nisingependa aoze shavu lingine wala kuleta watoto wengine wa kumwagiwa maji. Lakini kuwa sahihi hakukunisaidia kitu zile jioni, nimekaa na ungo, muadhini anamaliza, ukuta mtupu.

Usiku wa saba akaja. Nilimwona kwa pembe ya jicho, kasimama kwenye chupa. Akashuka, akaenda moja kwa moja chini ya karo akakaa pale pale pa mwezi wa kumi. Hatua 11. Sikumwita. Nikainuka, nikapeleka mfuniko mpaka kwenye karo, nikauweka, nikarudi kwenye kigoda, nikageuka ubavu. Akala.

Usiku uliofuata nikauweka hatua ya tisa. Akaja. Uliofuata ya tano. Ile safari ya miezi saba aliirudia kwa siku sita, na siku ya sita ndo jana.

Jana mvua ilikatika magharibi, uwani kunanukia udongo. Alikula mlangoni kabisa, akajilamba uso, nikalegeza macho, akalegeza ya kwake. Nikadhani ataondoka. Akazunguka mara moja, akakaa chini, na akanigeuzia mgongo. Paka hampi mgongo mtu asiyemwamini. Alikaa anaangalia geti, lile baka la kuungua liko pale pale, karibu na goti langu, hata nisingenyoosha mkono vizuri ningeligusa. Sikuligusa. Nikawa nachagua mchele.

Mama Samaki akatoka na ndoo ya maji ya kuoga, amechemsha kwa ajili ya mguu wake, mvuke unapanda kwenye taa. Akapita nyuma ya kigoda changu polepole, akasema "usiku mwema mwanangu," nikajibu. Shume alizungusha sikio moja, lile lililochanika, likaifuata ile ndoo mpaka ilipofika bafuni, alafu likarudi mbele.